Vitanda vya etaje juu ya ziwa la barafu: nilivyokosea mara ya kwanza, na namna ya kuvipanga

Wakubwa kwa wadogo wa internati, salamu kutoka Fargo, Dakota Kaskazini. Wale muliona picha ya kile kijumba katikati ya theluji mukaniuliza kama ni poste ya askari ama ni choo, jibu ni hili: ni nyumba ya kuvulia samaki. Inasimama juu ya ziwa, si kando ya ziwa, na mimi ndiye niliyetengeneza vitanda vyake. Nilivitengeneza mara mbili. Mara ya kwanza vilitaka kutuua, na mtoto wangu wa kwanza alikuwa amelala kitanda cha juu.

Nitaeleza polepole, juu najua wengi kati yenu ni mafundi wa mbao ama wahandisi, na kosa nililofanya ni kosa la fundi, si la mgeni.

Kwanza muelewe mahali penyewe. Mtoni kwetu hapa unavuka daraja tu, tayari uko Minnesota. Kutoka mwezi wa kumi na mbili mpaka mwezi wa tatu maziwa yake yanaganda. Sisi tunaenda Mille Lacs. Ndiyo, ni Kifaransa, "Maziwa Elfu", lakini ukilitamka kama ulivyofundishwa shuleni hakuna mtu atakuelewa. Wenyeji wanasema kitu kama "malaksi". Ni ziwa la kilometa mraba zaidi ya 500, na kina chake hakipiti mita 13. Kivu yetu ina karibu mita 480 kwenda chini, kwa hiyo siku ya kwanza nilicheka: hii ni sahani ya supu! Lakini ile sahani inabeba magari. Barafu mpya iliyo ngumu ya sentimeta 10 inabeba mtu anayetembea. Kamioneti ya kawaida inaomba kama sentimeta 33. Na ukivuta nyumba nyuma yake unaomba zaidi tena. Baridi ikiwa nzuri barafu inapita nusu mita. Mwezi wa tatu serikali ya jimbo inaweka siku, nyumba zote zinatoka.

Samaki wanayemtafuta pale anaitwa walleye. Macho yake yanang'aa gizani kama ya paka, na anapenda kula jua likizama na usiku. Njo maana watu wanalala pale pale. Na siyo kama wavuvi wetu wa sambaza, wanaokesha na taa mpaka asubuhi wakiimba. Hapa unafunga uzi kwenye kiroli kidogo ukutani, juu ya kichwa chako, kiko na kengele. Unalala. Samaki akivuta, kengele inakuamsha, unatoa mkono nje ya blanketi. Uvivu mtamu kabisa.

Mwenzangu wa kazi, tunafanya naye atelie moja ya makabati, alijijengea nyumba yake juu ya remorki. Magurudumu yanapanda, sakafu inashuka mpaka inagusa barafu. Upana ni mita 2.40 kwa nje, urefu karibu mita 5, na ndani kutoka sakafu mpaka dari ni sentimeta 198. Sakafuni kuna matundu 8 yenye vifuniko, yamepangwa kando ya kuta. Ndani ya kila tundu unapitisha mashini ya kutoboa barafu, tundu la upana wa sentimeta 25. Ukutani kuna shofaji ya gazi inayovuta hewa yake kutoka nje na kutupa moshi wake nje. Hiyo mushike vizuri, tutairudilia. Akaniomba nimtengenezee vitanda vinne, viwili viwili, ndipo na sisi tuende naye na watoto.

Mimi nikajibu: bwana, vitanda vya etaje? Mimi nilikulia ndani yavyo!

Si munakumbuka vile vitanda vyetu? Mbao nzito, triplexi imepigiliwa chini ya matela, chini kabisa kumefungwa kama sanduku ili tufiche unga na sukari. Nilivitengeneza vile vile. Safi, laini, vernisi mara mbili. Stack ya kwanza, niite hivyo, ilikuwa ukuta wa nyuma kutoka ubavu hadi ubavu. Ya pili kando, kuelekea mlango. Dalili ya kwanza tuliipata barabarani: ule uzito wote nyuma ya magurudumu ulifanya remorki itikise mkia kama mbuzi. Remorki inataka uzito kidogo ulalie mbele, kwenye kiungo cha gari, kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Tukapunguza mwendo, tukafika. Hatukujiuliza zaidi.

Usiku wa pili nje ilikuwa digrii 27 chini ya sifuri. Kitanda cha juu kilikuwa moto kama Uvira saa nane ya mchana. Kijana wangu, miaka 11, alitoa hata shati. Kitanda cha chini, chupa ya maji iliyokuwa miguuni pa mwenzangu ilianza kuganda. Nyumba moja, chumba kimoja, tofauti ni sentimeta 90 tu. Mwenzangu akavumilia mpaka usiku wa manane. Halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye baridi na usingizi angefanya: akawasha shofaji ndogo ya kubeba, ile ya moto wazi isiyo na bomba, akaiweka karibu na kitanda chake. Na kwa kuwa upepo ulikuwa unaingia kwenye tundu la hewa pale kichwani, akaliziba na koti.

Saa tisa ya usiku alarmu ya monoksidi ya kaboni ikalia.

Nilishuka mbio. Ngazi niliyoipigilia mimi mwenyewe ilikuwa inashukia juu ya tundu, kifuniko kikateleza, mguu wangu ukaingia ndani ya ziwa mpaka kwenye goti. Nikautoa, nikafungua mlango, nikamvuta mtoto kutoka juu akiwa na blanketi yake. Alikuwa anasema, "Papa, kichwa inaniuma," na alikuwa analegea. Tukampeleka hospitali usiku ule ule, mguu wangu mmoja bila kiatu. Wakapima damu, wakamweka kwenye oksijeni, mchana akarudi nyumbani akiomba chipsi. Mama watoto aliningojea mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Baba Watoto, kule kwetu hata mutoto anajua mbabula haiingie mu chumba ya kulala. Wewe ulisoma nini?"

Nimefikiri sana swali lile. Ni rahisi kumlaumu mwenzangu na koti lake. Lakini yeye hangewasha kitu kama kitanda chake kingekuwa na joto, na hangeziba tundu kama nisingeweka mto wake mbele ya tundu. Mimi nilifikiri raha ya kitanda ni matela nzuri na vernisi. Kumbe kwenye baridi ile, mtu asiyelala vizuri anaanza kutengeneza tengeneza gizani, na hapo njo kifo kinapita. Kwa hiyo nilipochora mara ya pili, nilichora hewa kwanza. Mbao zilikuja mwishoni.

Hewa ya moto inapanda, hilo tulilisoma sote. Nisichofikiri ni kwamba triplexi yangu ya kitanda cha juu, ukuta hadi ukuta, ilikuwa dari ya pili: joto lilikaa juu yake. Na lile sanduku la chini lilikuwa frigo, hewa baridi ya sakafuni imefungiwa humo, mwenzangu analala juu ya kifuniko. Sasa kitanda cha juu hakina triplexi. Kina vipande vyembamba vya mbao nyepesi, kati ya kimoja na kingine sentimeta 5, joto linapita na matela inapumua. Kitanda cha chini kimesimama juu ya miguu, mbele wazi, sentimeta 20 bila kitu chochote. Halafu nikaweka bomba jembamba kutoka darini mpaka chini ya kitanda cha chini, na ndani yake vantilateri ndogo ya volti 12, kama ile ya kupozea kompyuta. Inanyonya moto wa darini na kuutema sakafuni. Inakula umeme kidogo sana, na kwangu ndiyo kitu kilichobadilisha nyumba kuliko vyote. Miguu ikipata joto, hakuna anayetafuta shofaji ya pili.

Na shofaji ya pili ilibaki nyumbani, hilo hatukulijadili. Mbali na sumu, muangalie hesabu ya kemia: kilo 1 ya propani ikiungua inatoa zaidi ya kilo 1 na nusu ya maji. Shofaji ya ukutani inatupa maji hayo nje pamoja na moshi. Ile ya moto wazi inayaacha ndani, juu ya pumzi na jasho la watu wanne. Yanaenda wapi? Kwenye kitu cha baridi zaidi: vichwa vya skrubu, pembe za ukuta, na chini ya matela iliyobanwa na ukuta. Nilipobomoa vitanda vya kwanza, matela zilikuwa zimelowa upande wa ukutani na kila kichwa cha skrubu kilikuwa na kofia ya barafu. Tangu hapo hakuna matela inayogusa ukuta.

Sasa urefu. Hapa mafundi muchukue kalamu.

Nina sentimeta 198. Kitanda cha chini ni benchi wakati wa mchana, kwa hiyo uso wa matela uko 45. Mtu mzima akikaa wima anaomba kama 92 juu ya kiti, tunafika 137. Fremu ya kitanda cha juu 5, matela 10: tuko 152. Inabaki 46 kwa anayelala juu. Hiyo ni maiti, si mtu. Hata kugeuka ubavu bega linagusa dari. Ukishusha cha juu, wa chini anakaa mchana kutwa ameinama kama anaomba msamaha. Internati hatukuwa na shida hii kwa sababu dari ilikuwa mbali, ndiyo maana kumbukumbu yangu ilinidanganya.

Ufumbuzi ni kuacha kudai vyote kwa saa moja. Mchana watu wanakaa, usiku wanalala. Hawafanyi vyote pamoja. Kitanda cha juu nimekiweka kwenye pomela, yaani bawaba, kinakunjwa kwenda juu mchana. Basi usiku wa chini anahitaji nafasi ya kugeuka tu: kutoka 45 mpaka 110, yaani sentimeta 65, inatosha hata kwa mwenye mabega ya mpakizi wa soko. Fremu na matela vinafika 125, inabaki 73 juu. Kijana anajiinua kwa kiwiko, anasoma, anakunywa maji. Kitanda kina upana wa 75, kwa hiyo kikikunjwa kinafika 185, dari hakikigusi.

Mtego uko kwenye pomela. Ukizipigilia ukutani moja kwa moja, ukikunja matela inabanwa kati ya fremu na ukuta, inapasuka ama kitanda kinakataa kusimama. Nilipigilia kwanza kirafu cha upana wa sentimeta 12 kwenye nguzo za ukuta, nikakitoboa matundu mengi, halafu pomela mbele yake. Mchana matela inasimama juu ya kirafu. Usiku kirafu kinaiweka mbali na ukuta, na mtoto anapata pa kuweka taa yake. Nyuma uzito unabebwa na kirafu, mbele na minyororo miwili inayopanda kwa pembe hadi kwenye nguzo. Skrubu lazima iingie kwenye nguzo, si kwenye lambri ya mapambo. Nilijaribu kwa magunia 10 ya chumvi, kilo 18 moja, nikayaacha usiku mzima, asubuhi nikapima: hakuna hata milimeta iliyoshuka.

Ukingo wa kuzuia mtu asianguke unapaswa kupita uso wa matela kwa sentimeta 13 angalau, na nafasi kati ya vipande vyake isifike 9, kichwa cha mtoto kisije kikanaswa. Kwa ajili ya kukunja, ukingo wangu ni wa kuchomeka na kuchomoa. Bila ukingo hakuna kupanda. Na mtoto hajafika miaka sita halali juu, hata akilia; yule wetu wa mwisho amelia sana.

Ngazi niliihamisha mpaka pale ambapo hakuna tundu chini yake, hatua mbili mbali. Mwenzangu aliandika pale "mguu wa Kongo" kwa kalamu nyekundu. Sawa.

Kuhusu kutoka: anayelala juu nyuma kabisa alikuwa na njia moja tu, kupita mbele ya shofaji. Moto ukianza pale, kwisha. Tumekata dirisha kwenye ukuta wa ubavu, upande wa miguu yake, linafunguka kwenda nje bila ufunguo, na mtu mzima anapita. Nilimfanya kila mmoja atoke humo macho yamefungwa, mimi wa mwisho, tumbo likakwama kidogo. Mlango nao: kitanda cha pili kikishushwa hakiugusi tena, na kizimamoto kinaning'inia hapo hapo.

Jambo la mwisho ni alarmu, na wa Goma na Sake munisikilize, juu ninyi munaweza kuelewa haraka kuliko Wamarekani. Munajua mazuku: ile gazi inalala mabondeni, ni nzito kuliko hewa, mbuzi anakufa na mwenye kumpanda mgongoni haoni kitu. Propani ikivuja inafanya kama mazuku, inashuka sakafuni na kungoja cheche. Kwa hiyo alarmu ya propani inakaa chini, karibu na sakafu. Lakini monoksidi ya kaboni si mazuku. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, inachanganyika na hewa ya moto na kuzunguka kila mahali, haina harufu, haina rangi. Ni ile ile ya mbabula iliyoachwa inawaka ndani ya nyumba iliyofungwa, usiku wa baridi kule Bukavu. Alarmu yake inakaa mahali mtu anapovuta pumzi akilala: moja kwenye kimo cha mto wa juu, nyingine kwenye kimo cha mto wa chini. Tuna mbili sasa, na betri mpya kila mwanzo wa msimu, kwa sababu baridi inadhoofisha betri. Tundu la hewa nalo limehamishwa mbali na vitanda, na lina wavu wa chuma ambao koti haliingii.

Vitanda vya pili vina uzito usiofika nusu ya vya kwanza, na kile cha nyuma tumekisawazisha kwa kuweka betri na chupa za gazi mbele. Remorki haitikisi mkia tena.

Tulirudi mwezi wa pili. Mama watoto alikataa mara tatu, halafu akasema anakuja kujionea mwenyewe. Alikagua alarmu kwa kubonyeza kitufe, akafungua dirisha, akachungulia chini ya kitanda, akachagua kitanda cha chini akisema cha juu ni cha kuku. Nje ilikuwa digrii 29 chini ya sifuri. Saa kumi ya usiku kengele ililia, na mioyo yetu yote ikaruka. Ilikuwa ya kiroli. Alikuwa ametoa mkono tayari, anavuta uzi akiwa amelala, blanketi mpaka kidevuni, na kijana akimwangalia kutoka juu: "Mama, polepole! Atakata!" Hakukata. Tulimla asubuhi na ndizi za kukaanga.